Koo Mbili, Babu Mmoja

Ndugu msomaji, posa inapofika nyumbani, wazee hawaanzi kwa kuuliza mshahara wa kijana. Huuliza: ni mwana wa nani, mjukuu wa nani, na kwao ni wapi? Vijana wengi wa mjini huliona swali hilo kuwa la kizamani. Leo nataka kuonyesha kwamba halijapitwa na wakati, ila anayeliuliza hana budi kuwa tayari kupokea jibu lolote.

Natwaa mfano wa mbali ambao nusu yake iko kwa jirani zetu. Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 2009 hadi 2017, alizaliwa na baba Mjaluo, ambaye kwao ni Kogelo, magharibi mwa Kenya, na mama Mzungu, Ann Dunham, mzaliwa wa Kansas. Upande wa baba, nasaba ilihifadhiwa vinywani mwa wazee. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1995, Obama anaeleza jinsi alivyoketi Kogelo akisimuliwa na bibi yake, Mama Sarah, habari za wahenga wake. Upande wa mama, nasaba ilikuwa imelala makaratasini: katika wasia, hati za mashamba, orodha za kodi na za sensa, zilizoachwa na vizazi vya walowezi walioanza kuingia Marekani katika karne ya 17.

Mwaka 2007 Bibi Lynne Cheney, mke wa Dick Cheney aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alikuwa akichunguza ukoo wa mumewe kwa ajili ya kitabu alichokuwa akiandika. Katika kupekua kwake akagundua jambo ambalo hakulitarajia. Mumewe na Obama, waliokuwa wapinzani wakubwa katika siasa, walikuwa ndugu wa mbali. Koo zao zilikutana kwa Mareen Duvall, Mprotestanti wa Kifaransa aliyehamia Maryland katika karne hiyo ya 17. Msemaji wa Bibi Cheney alieleza kwamba mwana wa Duvall alimwoa mjukuu wa Richard Cheney, Mwingereza aliyefika huko mwishoni mwa miaka ya 1650. Watu walicheka, na msemaji wa Obama naye akatania kwamba Cheney ndiye mpotovu wa ukoo.

Lakini si yote yaliyogunduliwa yalikuwa ya kuchekesha. Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba sensa ya mwaka 1850 ya Kentucky inamwonyesha mmoja wa wahenga wa mama yake Obama akimiliki watumwa wawili. Kisha, mwaka 2012, wachunguzi wa nasaba wakatoa habari nzito zaidi. Mwaka 1640 watumishi watatu walimtoroka bwana wao huko Virginia, wakakamatwa Maryland. Wote walihukumiwa viboko 30. Mholanzi na Mskoti waliongezewa miaka minne ya utumishi. Wa tatu, Mwafrika aliyeitwa John Punch, akahukumiwa kutumika maisha yake yote.

Wachunguzi walifuatilia hati za ukoo wa Bunch, jina wanaloamini kuwa lilitokana na Punch, na wakapima chembe za urithi ambazo mwana wa kiume hupokea kwa baba yake. Zilionyesha asili ya Kiafrika. Wakahitimisha kwamba, kwa uwezekano mkubwa, mama yake Obama, yule Mzungu wa Kansas, alikuwa wa uzao wa John Punch. Hivyo Afrika, iliyodhaniwa kuingia katika nasaba ya Obama kwa baba peke yake, yaelekea ilikuwamo kwa mama pia karne tatu kabla yake.

Ona basi, ndugu msomaji: mtumwa na mwenye watumwa, rafiki na mpinzani, wote katika mti mmoja. Anayechimba nasaba ili apate utukufu tu huenda akaitupa nusu ya ukoo wake. Na anayembagua jirani kwa sababu ya asili yake hajui ni babu gani anayemtukana.

Sisi wengi wetu hatuna makaratasi ya karne nne, lakini tunao wazee, nao hawatakaa milele. Mama Sarah mwenyewe alifariki mwaka 2021. Utakapokwenda likizo nyumbani, chukua daftari. Andika majina ya babu na ya bibi, maana ukoo wa mama husahauliwa upesi. Andika pia walikohamia na majina waliyobadilisha, kwa kuwa herufi moja, kama ya Punch na Bunch, yaweza kukata uzi mzima. Mzee akinyamaza kwa aibu, usimlazimishe. Rudi siku nyingine. Na posa itakapofika, mtakuwa na jibu la kuwapa wageni.