Kichanganuzi Ndani ya Kihariri: Rangi Peke Yake Hazitoshi

Mwalimu wa Kiswahili anapoandika ubaoni sentensi "Walimu na wanafunzi wapya wamefika", huwauliza wanafunzi wake: je, neno "wapya" linawaeleza wanafunzi peke yao, ama na walimu pia? Jibu halionekani katika mfuatano wa maneno. Huonekana pale mchoro wa matawi unapochorwa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba somo la uandishi wa programu za kompyuta linahitaji mchoro uo huo, na kwamba chombo cha kuuchora sasa kimo ndani ya vihariri huria, ambavyo chuo chochote chaweza kuvitumia bila malipo.

Kihariri ni programu ambayo mwanafunzi huitumia kuandikia programu nyingine. Kwa miaka mingi vihariri vilipaka maneno rangi kwa kufuata ruwaza za herufi: neno fulani likionekana, hupewa rangi fulani. Njia hiyo ni nyepesi, lakini ruwaza za namna hiyo haziwezi kufuatilia bila kikomo mabano yaliyomo ndani ya mabano mengine. Hutambua neno, hazitambui sentensi. Kichanganuzi hufanya kazi iliyo tofauti. Husoma maandishi kwa kufuata kanuni za sarufi ya lugha ya programu, kisha hujenga mti unaoonyesha kipi kimo ndani ya kipi.

Undugu wa kazi hizi mbili si wa kubuni. Noam Chomsky alieleza sentensi za lugha za binadamu kwa kanuni na michoro ya matawi katika kitabu chake cha mwaka 1957. Mwaka 1959 John Backus alitumia kanuni za namna hiyo kueleza sarufi ya lugha ya programu, na mwaka 1960 Peter Naur akazitumia katika taarifa ya lugha ya ALGOL 60. Basi mwalimu wa sarufi na mwalimu wa kompyuta ni majirani, ijapokuwa mara nyingi hawatembeleani.

Kumweka mchanganuzi wa namna hiyo ndani ya kihariri hakukuwa kazi rahisi, kwa kuwa maandishi yaliyomo humo karibu kila wakati hayajakamilika. Mwandishi amefungua mabano, bado hajayafunga. Kifaa kiitwacho Tree-sitter, kilichoanzishwa na Max Brunsfeld na kutumiwa katika kihariri cha Atom, kilibuniwa kwa hali hiyo hasa. Herufi moja ikibadilishwa, hakijengi mti wote upya, bali hurekebisha sehemu iliyoguswa. Kikikuta kosa, huliwekea alama mahali pake na kuendelea kusoma yaliyosalia. Atom yenyewe ilifungwa Desemba 2022, lakini kwa kuwa kifaa hicho ni huria, hakikuzikwa pamoja nayo. Kiliingia katika Neovim mwaka 2021, na katika Emacs, toleo la 29, mwaka 2023.

Wako walimu wenzetu wanaosema kwamba vyombo hivi humlemaza mwanafunzi: huzoea rangi, kisha katika mtihani wa karatasi, pasipo rangi, hajui aanzie wapi. Hoja hiyo ina uzito, na hatuna budi kuikubali kwa upande wa rangi. Rangi ni jibu lisiloonyesha njia. Lakini mti ndio njia yenyewe, na ndiyo maana tunasema mwalimu asiuache umejificha nyuma ya rangi.

Tunapendekeza utaratibu ufuatao. Kwanza, wanafunzi wachore kwa mkono, daftarini, mti wa 2 + 3 * 4, na mti wa (2 + 3) * 4. Katika mti wa kwanza kuzidisha ni tawi lililo chini ya kujumlisha, na jibu ni 14. Katika wa pili mambo hugeuka, na jibu ni 20. Pili, wafungue kihariri na kuulinganisha mchoro wao na ule wa kichanganuzi. Katika Emacs amri ni "treesit-explore-mode", na katika Neovim ni ":InspectTree". Tatu, wafute mabano moja kwa makusudi na kutazama ni tawi lipi lililoharibika na yapi yaliyosalimika. Hapo mwanafunzi hujifunza kutafuta kosa mahali lilipo, badala ya kufuta kazi yote na kuanza upya kwa kukata tamaa.

Hata hivyo, wanafunzi waonywe mapema. Mwanafunzi anayetafuta eneo la mstatili akiandika eneo = urefu + upana, kichanganuzi kitampa mti usio na dosari hata moja, na jibu litakuwa la uongo. Kichanganuzi hujua sarufi, hakijui maana. Kazi ya maana imebaki kwa mwalimu na mwanafunzi, wala haifai kuachiwa mashine.

Jambo la mwisho ni la matayarisho. Emacs haiji na sarufi za lugha hizo. Kila moja huletwa peke yake na kujengwa kwa programu ya kutafsiri lugha ya C. Neovim huja na chache tu, kama vile ya C na ya Lua. Mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha, mwalimu asingoje siku ya kipindi. Na atayarishe sarufi anazozihitaji kwenye kompyuta moja, kisha azinakili katika nyingine za aina hiyo hiyo kwa kutumia flashi.

Kwa maoni yetu, chuo kinachofundisha uchanganuzi wa sentensi kimekwisha kuwa na nusu ya somo hili. Tunawaomba walimu wa lugha na walimu wa kompyuta wakae meza moja, walitayarishe hilo nusu lililosalia, na wawaachie wanafunzi wachore.