Vitabu vya Kimenye visifungiwe kabatini

Hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na walimu wa shule moja ya bweni iliyo kando ya barabara itokayo Embu kuelekea Runyenjes. Baada ya mazungumzo na chai, mwalimu mmoja kijana alinichukua kunionyesha maktaba yao. Ilikuwa kabati la mbao lenye milango ya vioo na kufuli la shaba. Nilipochungulia niliona migongo ya vitabu imepangwa vizuri kama askari wa gwaride, na katikati yake kitabu ambacho ningekitambua hata gizani: Moses and the Ghost, cha Barbara Kimenye.

"Vinasomwa na nani hivi?" nikamwuliza.

"Havitahiniwi, Mzee," akanijibu kwa adabu. "Na ufunguo hukaa kwa mwalimu mkuu."

Jibu hilo limenikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tuanze na mwandishi mwenyewe, kwa sababu nimegundua kwamba hata walimu wa fasihi hawamjui. Alasiri hiyo hiyo niliwauliza wanafunzi wa darasa moja Barbara Kimenye alikuwa mtu wa wapi. Mmoja alisema Uganda. Mwingine, kwa sababu ya jina, alisema Tanzania. Wa tatu, msichana aliyekaa nyuma kabisa, alisema Mkenya, kwani bibi yake alikuwa akisoma makala zake gazetini. Hakuna aliyesema Mwingereza, na ilhali Kimenye alizaliwa Halifax, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, Desemba 1929. Jina lake la usichana lilikuwa Barbara Clarke Holdsworth. Baba yake alikuwa daktari mwenye asili ya visiwa vya Karibi na mama yake Mwingereza. Alikwenda London kusomea uuguzi, na huko ndiko alikokutana na Bill Kimenye, kijana wa Bukoba katika Tanganyika ya wakati huo. Wakaoana, na katika miaka ya 1950 wakahamia Bukoba, kando ya Ziwa Nyanza.

Ndoa haikudumu. Bi Kimenye akavuka mpaka akaenda Kampala, akaajiriwa katika serikali ya Kabaka Mutesa wa Pili akiwa katibu, na huko akawalea wanawe wawili. Alihamia Nairobi mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya jumba la Mengo kushambuliwa na Kabaka kukimbilia uhamishoni. Nairobi aliandikia magazeti ya Daily Nation na East African Standard. Mwaka huo huo wa 1965 Oxford University Press walichapa Kalasanda, mkusanyo wa hadithi za kijiji kimoja cha Buganda, na mwaka uliofuata Kalasanda Revisited. Ndipo, mwishoni mwa miaka ya 1960, alipoanza mfululizo wa vitabu vya kijana mtundu aitwaye Moses.

Katika miaka ya 1970 alirudi London, akafanya kazi ya kushauri juu ya mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali katika baraza la mtaa wa Brent. Vita vya Uganda vilipokwisha mwaka 1986 akarejea Kampala. Mwaka 1989 akaja Kenya na kukaa takriban miaka kumi, kisha London tena, ambako alifariki Agosti 2012 akiwa na umri wa miaka 82. Alikuwa ameandika vitabu zaidi ya hamsini, na nakala zake zilizouzwa zinakisiwa kupita milioni moja.

Kwa hiyo wanafunzi wale watatu hawakukosea sana. Mtu anaweza kuzaliwa Yorkshire, akapata jina Bukoba, kazi Mengo na wasomaji Embu. Wapo wanaouliza kama mwandishi wa namna hiyo ni "wetu". Mimi naliona swali hilo kuwa la watu wasiovisoma vitabu vyenyewe. Waingereza wana mapokeo marefu ya riwaya za watoto wa shule za bweni: tangu Thomas Hughes na Tom Brown's School Days mwaka 1857, hadi Enid Blyton na Malory Towers yake baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kimenye aliyachukua mapokeo hayo na kuyapa udongo mwingine. Shule ya Moses inaitwa, kwa tafsiri yangu, Chuo cha Mukibi cha Kuelimisha Wana wa Waungwana wa Kiafrika. Msomaji, lisome jina hilo mara ya pili. Kisha ujue kwamba ni shule duni ya wavulana waliowashinda walimu kwingine, wakina Moses na rafiki zake King Kong na Itchy Fingers, chini ya mwenye shule, Bwana Mukibi. Yeyote aliyewahi kuona, hapa kwetu, kibao kikubwa cha "akademia" kimesimikwa mbele ya mabanda matatu ya mabati, anaijua shule hiyo. Hilo halikuandikwa kutoka London.

Mimi nilikutana na Moses katika miaka ya 1970, nikiwa "mono" katika shule ya bweni upande wa Meru. Kwetu ni Embu. Safari ilikuwa ya kutwa nzima, kabla ya lami, tukiteremka na kupanda mabonde hadi kuvuka mto Thuci, sanduku la chuma likigonga paa la basi juu ya vichwa vyetu. Usiku wa kwanza nililia chini ya blanketi kama wengine wote, ijapokuwa kila mmoja wetu aliapa asubuhi kwamba ni mwenzake aliyelia. Siku ya tatu au ya nne, mvulana wa kitanda cha juu akanidondoshea kitabu kilichovikwa jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Kurasa za mwisho hazikuwapo. Bweni zima lilikuwa limekisoma, na kila mmoja alikuwa na mwisho wake wa hadithi. Ubishi juu ya mwisho ulio sahihi uliwahi kuzua ngumi.

Sijui kama naweza kumweleza kijana wa leo maana ya jambo lile. Vitabu tulivyopewa darasani vilikuwa vya watu wakubwa wenye shida kubwa. Hiki kilikuwa cha mtoto kama mimi, aliyetupwa mbali na mama yake katikati ya wageni, na bado alicheka. Mwalimu wa zamu alikipata siku moja wakati wa masomo ya jioni, akakichukua, nami nikafyeka nyasi juma zima. Sikujuta. Katika juma hilo nilisimulia kisa chote kwa wenzangu wa adhabu, na nikakiongezea mwisho wangu mwenyewe. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwa mwalimu.

Hata hivyo, nisingekuwa mkweli kama ningeishia katika kumbukumbu tamu. Watu wa Meru hawawezi kuzungumzia bweni kana kwamba ni mahali pa vichekesho tu. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya St Kizito kule Tigania, wavulana walilivamia bweni la wasichana wenzao. Wasichana 19 walikufa usiku huo, na wengine zaidi ya 70 wakanajisiwa. Nilikuwa nikifundisha wakati huo. Wazazi walikuja shuleni kwetu kuchukua mabinti zao bila kuaga, wakiyabeba magodoro vichwani, nasi walimu hatukuwa na neno la kuwaambia.

Muhula uliofuata, nikidhani nawafariji, niliwasomea wanafunzi wa kidato cha kwanza kisa cha Moses. Wavulana walicheka, lakini si kwa sauti. Msichana mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, wasichana wa shule hiyo walilala wapi?"

Nikamjibu kwamba katika shule ya Mukibi hakukuwa na wasichana.

"Aa," akasema. "Ndiyo sababu inachekesha."

Nimekaa na maneno hayo zaidi ya miaka thelathini. Yana haki ndani yake. Kimenye, mwanamke aliyelea watoto wa kiume, aliandika dunia ya wavulana, na utundu wa wavulana ukawa ndio utoto wenyewe. Msichana wa Kaaga au Kyeni aliyevisoma vitabu hivyo alilazimika kujifanya Moses ili apate kucheka. Baadaye, katika miaka ya kukaa kwake Kenya mara ya pili, aliwaandikia pia vijana wakubwa, kikiwamo Beauty Queen, chenye msichana na mashindano ya urembo. Lakini si hicho kinachotajwa na watu wanapomkumbuka. Hilo ni pengo, na si la Kimenye peke yake. Wachapishaji na sisi walimu tuliokuwa tukiagiza vitabu tuna sehemu yetu.

Je, basi tuvifungie? La. Nimevirudia vitabu hivyo mara nyingi baada ya swali la msichana yule, na nimeona jambo ambalo sikuliona nikiwa mono. Anayechekwa zaidi na Kimenye ni mtu mzima: mwenye shule anayependa sifa kuliko shule, mwalimu asiyejua kinachoendelea bwenini na hataki kujua. Watoto wake hawana malaika, lakini wana masikio na macho, na hadithi inawasikiliza. Sidai kwamba kitabu kingeizuia St Kizito, wala kwamba hadithi ingeuzima moto uliowaua wavulana 21 kule Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024. Hayo yana sababu zake: mabweni yaliyojaa kupita kiasi, milango isiyofunguka, wakubwa wasiowajibika. Ninachodai ni kidogo zaidi. Katika tume na ripoti zote tulizoandika juu ya shule za bweni, sauti ya mtoto anayelala humo ndiyo iliyosikika kwa uchache. Kimenye alikuwa miongoni mwa wachache walioiandika, na tukaiita utundu.

Kuna jambo la bei pia, nami sitaki kulipita. Tangu sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013, vitabu vimetozwa asilimia 16. Mzazi wa Siakago au Ishiara aliyevuna magunia machache ya ndengu hatanunua hadithi baada ya kumaliza orodha ya vitabu vya lazima, na simlaumu. Lakini haiwezekani tukamtoza mzazi, kisha nakala chache zilizokwisha kulipiwa tukazitia kufuli ili zisichakae. Kitabu cha watoto kisichochakaa kimekosa kazi. Kile cha karatasi ya saruji kilisomwa na watu wasiopungua arobaini kabla ya kunaswa.

Walimu wa Kiswahili wataniuliza kwa nini natetea hadithi za Kiingereza katika ukurasa huu. Wana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba mtoto aliyeonja hadithi moja huitafuta ya pili bila kujali lugha. Na kwamba hatuna budi kujiuliza ni nani atakayemwandika, kwa Kiswahili cha kawaida cha watoto wetu, msichana wa bweni la Meru mwenye ulimi mkali na rafiki wawili watatu, anayemcheka mkuu wa shule mwenye kibao kikubwa. Ningependa kumsoma kabla sijafa. Kama yuko mwanafunzi wa chuo cha ualimu cha Kigari au cha Meru anayesoma mistari hii na anacho kisa cha aina hiyo daftarini, asingoje kuombwa.

Nimempigia simu mwalimu mkuu wa shule ile ya kabati. Alikuwa mwungwana. Alisema nakala zikitolewa zitapotea. Nikamwambia kwamba katika bweni letu kitabu kilipotea mara nyingi sana, na kila mara kilipatikana chini ya mto wa mtu aliyekuwa hajakimaliza. Alicheka, akanyamaza kidogo, akaniuliza kama Moses and the Ghost kinatisha sana kwa watoto wa darasa la sita. Nimeahidi kwenda Jumatatu tukakisome pamoja. Ufunguo, amesema, atakuwa nao.