MBAWA ZA KUAZIMA

Wapo wanaodhani kwamba dola hupata nguvu siku inapopandisha bendera yake. Sisi twasema bendera hupepea kwa upepo wowote. Nguvu ya dola hujulikana siku mgeni anapofunga mizigo yake akaenda zake. Khabari ya marubani wa kwanza wa jeshi letu yatosha kuwa ushahidi, na sisi watu wa visiwani yatuhusu kuliko wengine.

Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika ya Januari 1964, serikali ya Dar es Salaam ilitaka jeshi jipya lisilotegemea maafisa wa Kiingereza. Ujerumani ya Magharibi ikakubali kuunda kikosi cha anga na kuwafundisha vijana urubani. Lakini Zanzibar, kabla ya Muungano wa 26 Aprili 1964, ilikwisha kuitambua Ujerumani ya Mashariki. Nayo Bonn ilikuwa na sharti lake tangu 1955: atakayemtambua hasimu wangu, urafiki wetu umekwisha.

Februari 1965 serikali ya Muungano ilikata shauri. Ubalozi wa Wajerumani wa Mashariki Unguja usiwepo tena. Wapewe ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, pasipo kutambuliwa. Hata hayo hayakuiridhisha Bonn. Iliwaita nyumbani walimu wake wa kijeshi, na mafunzo ya anga yakafungwa yangali machanga. Mwalimu Nyerere akajibu kwamba, kama ni hivyo, waondoe na misaada yao mingine ya kiserikali.

Twakiri kwamba jibu lile lilikuwa la kiungwana. Taifa maskini lilikataa kuchaguliwa marafiki. Lakini haki haina upande: kanuni iliyokuwa njema kwa Dar es Salaam mbele ya Bonn ilikuwa njema pia kwa Unguja mbele ya Dar es Salaam. Rafiki aliyeteremshwa daraja alikuwa rafiki wa visiwa.

Ndege hazikukaa bila mwalimu. Wakanada walishika nafasi hiyo mwaka ule ule wa 1965, wakaleta ndege za Caribou na Otter, nao wakaondoka 1970. Wakafuata Wachina, marubani wetu wakaenda kusoma China, na kiwanja cha Ngerengere kikajengwa kwa msaada wao. Walimu wa mataifa matatu, na kila mmoja na ndege zake, vipuri vyake na lugha yake ya kufundishia! Mwanafunzi wa namna hii kila mara huanza alifu. Na Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, vita havikungoja mwalimu wa nne.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi, ndugu wanachama, mkataba wowote utakaoletwa mbele yetu, uwe wa bandari, wa mafuta au wa mafunzo, tuusome kwa maswali matatu. Mgeni akiondoka kesho, ni nani kati yetu atakayeweza kufundisha? Je, anaweza kuufunga mlango peke yake, kwa ghadhabu ya siku moja? Na visiwa vimeulizwa, au vimeambiwa tu?

Asiyeweza kuyajibu asipewe saini yetu.