Ovadrafti ya elfu themanini inakula chumba chako

Kijana wa Tandika, wa Mwananyamala, wa Buza kwa Lulenge, wewe unayelisoma gazeti hili la kuazima hapo kijiweni, hebu likunje kidogo nikuulize. Mara ya mwisho simu ilipokuambia salio halitoshi, ulifanya nini? Wengi wenu mlibonyeza. Luku ikanunuliwa, mama kijijini akatumiwa hela ya dawa, kila mtu akafurahi. Wewe ukajisemea yamekwisha.

Hayajakwisha, mshikaji. Ulichobonyeza ni ovadrafti. Umechota zaidi ya kilichomo, na anayekujazia pengo si kampuni ya simu kwa huruma yake. Chukua mfano wa Songesha ya Vodacom. Nyuma yake ipo taasisi ya fedha, na hela ile ni mkopo wenye ada kama mkopo mwingine wowote. Walio kwenye ajira nao wana ya kwao huko benki, ile ya kuchota mshahara kabla haujaingia. Tarehe 25 mshahara unapotua, benki inakata chake kwanza, wewe unabakiwa na makombo, na tarehe 5 unachota tena. Kuna watu hapa mjini wameishi hivyo miaka mitatu na wanaamini wanalipwa mshahara. Wanalipwa deni!

Sasa sikiliza kwa nini nakusumbua. Siku moja utachoka kupanga. Utachoka na baba mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita mkupuo mmoja, utachoka na foleni ya choo asubuhi. Utasikia benki zinatoa mkopo wa nyumba, utavaa shati la kunyoosha na kwenda. Ofisa mikopo hatakuuliza habari za ndoto zako. Ataomba stetimenti ya benki ya miezi sita au mwaka mzima, halafu atafungua kompyuta kutazama taarifa zako za wakopaji.

Hapo ndipo vijana wengi wanapopigwa na butwaa. Tangu kanuni za mwaka 2012, mabenki yanatakiwa kupeleka taarifa za mikopo ya wateja wao kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni zenye leseni, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zikaanza kuuza ripoti za wakopaji kwa wakopeshaji. Deni dogo lina mahali pake humo sawasawa na kubwa. Ile elfu 30 uliyoikimbia kwa kutupa laini ya simu haikutupwa pamoja na laini. Laini ilisajiliwa kwa alama za vidole vyako, utaikimbilia wapi?

Tufanye hesabu, maana maneno matupu hayajengi. Tuseme unapata milioni moja kwa mwezi mkononi na unataka mkopo wa milioni 30. Riba za mikopo ya nyumba hapa kwetu zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tuchukue 17, na muda wa miaka 15. Rejesho linakuja kama shilingi 462,000 kila mwezi. Tuseme benki yako inakubali madeni yako yote kwa pamoja yasivuke nusu ya kipato. Nusu yako ni laki tano. Umepita, tena umebakiwa na elfu 38 juu!

Lakini subiri. Ofisa anaona kila mwezi kuna elfu 80 inakatwa kufidia ovadrafti. Laki tano ukitoa elfu 80 inabaki laki nne na elfu 20. Kwa rejesho hilo huwezi kupewa milioni 30 tena. Unaweza kubeba milioni 27 na laki 3 hivi. Kwa hiyo elfu 80 ya kubonyeza bonyeza imekula karibu milioni 2 na laki 7 za nyumba yako. Hicho ni chumba kizima, bati na milango juu.

Na hiyo ni pale ofisa anapokuwa mwema, akahesabu tu. Akiwa mkali hatazami kiasi, anatazama tabia. Akaunti inayogonga sifuri kila tarehe 5, mwezi baada ya mwezi, inamwambia kwamba mtu huyu hawezi kuishi kwa anachopata, je ataweza kuishi na rejesho la laki nne na nusu kwa miaka 15? Anakurudishia faili. Mara nyingi hakwambii hata sababu. Anakwambia tutakupigia.

Simtetei mtu anayekopa kununua simu ya kuringia, huyo aachwe apigwe na dunia. Lakini nauliza, nani aliyemsukuma kijana wa kawaida kwenye ovadrafti? Anayelipwa kwa mwezi anadaiwa kodi ya miezi sita. Chumba cha elfu 60 kinataka laki tatu na elfu 60 leo hii, na mshahara wake wote ni laki mbili na nusu. Atatoa wapi? Anachota. Akichota, anaandikwa. Akiandikwa, hapati mkopo wa nyumba. Asipopata nyumba anaendelea kupanga, na baada ya miezi sita anachota tena. Huu ni mduara, ndugu zangu, na waliouchora hawalali Mbagala.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba miaka 12 aliyolipa kodi bila kukosa haijaandikwa popote. Kanzidata inajua aliichelewesha elfu 30 mwaka juzi. Haijui kwamba amemlipa mwenye nyumba wake mamilioni, tena mkupuo, tena mapema! Dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila siku jioni, mvua ijue au isijue, naye mbele ya benki ni kama hajawahi kulipa mtu chochote. Mimi mwandishi wa kujitegemea, ninayelipwa kwa kipande cha habari, nilipoulizia mkopo wa nyumba benki moja hapa mjini niliambiwa nilete barua ya mwajiri. Nikacheka. Mwajiri wangu ni kalamu, na haijui kuandika barua ya kujitambulisha.

Na tusisahau historia, maana wapo wanaotaka tuisahau. Neno ovadrafti halikuletwa nchi hii na simu za mkononi. Baada ya mabenki kutaifishwa Februari 1967, NBC ndiyo ikawa mkopeshaji mkuu wa biashara, na mashirika ya umma na vyama vya ushirika yaliishi kwa ovadrafti zake mwaka hadi mwaka. Vigogo walichota bila kurudisha. Mwaka 1991 ikabidi itungwe sheria ya kuunda chombo maalumu, LART, kubeba na kukusanya madeni hayo mabaya. NBC yenyewe ikagawanywa mwaka 1997, na kipande kimoja kikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000. Nitajie mkurugenzi mmoja wa shirika lililokufa aliyenyimwa nyumba kwa sababu ya ovadrafti ile. Nakusubiri.

Upande wa nyumba ni vivyo hivyo. Tulikuwa na Benki ya Nyumba, THB, iliyoanza miaka ya 1970. Wazee waliojenga viwanja vya Sinza na Kijitonyama enzi za mradi wa viwanja na huduma watakwambia mikopo ya THB ilikuwa kitu gani. Nayo ikazama kwenye mikopo isiyolipwa, ikafungwa mwaka 1995. Miaka zaidi ya kumi mlalahoi hakuwa na mlango wa kubisha. Ikaja sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, kisha mwaka 2010 ikaundwa TMRC ya kuyapa mabenki fedha za muda mrefu. Mabenki yaliyojiunga ni mengi. Lakini hadi mwaka 2023 mikopo ya nyumba nchi nzima ilikuwa haijafika elfu kumi! Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61 na zaidi, milioni 5 na laki 3 wakiwa Dar peke yake. Hesabu mwenyewe ni wangapi mtaani kwako.

Sehemu ya sababu ni hati. Kiwanja cha Chamazi ulichoandikishiana kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa hakina hati miliki, na benki haikopeshi juu ya karatasi yenye mhuri wa mjumbe. Hilo ni la siku nyingine, ni refu.

Leo nizungumze lililo mikononi mwako. Unayo haki ya kuomba ripoti yako ya mikopo na kupinga kilichoandikwa kwa makosa. Itumie kabla hujavaa lile shati. Kama una ovadrafti benki, ilipe na uifunge kwa maandishi, halafu ipe akaunti miezi sita ikae juu ya sifuri ndipo upeleke maombi. Ukikopa kwenye simu, rudisha kabla ya siku yake, maana anayerudisha mapema naye anaandikwa, na hilo linakusaidia. Usimdhamini mtu kwa aibu, deni lake likioza linakuja kwako. Na hayo maprogramu ya mikopo ya chap chap yanayowapigia ndugu zako kukutangaza, yaogope. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 yasiyo na leseni.

Kwa upande wa wakubwa, wenye mabenki na Benki Kuu, swali langu ni moja. Mmeweza kuandika elfu 30 ya kijana wa Tandale aliyechelewa siku kumi. Kodi yake ya miaka 12 mnashindwa nini kuiandika?