Mlango wa Rangi na Mlango wa Urithi

Tarehe 29 Juni, 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu juu ya Chuo Kikuu cha Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina. Ilikata kwamba kuitazama rangi ya mwombaji, wakati wa kuchagua wanafunzi, ni kuvunja ahadi ya ulinzi wa sheria ulio sawa kwa watu wote. Waliopendezwa na hukumu hiyo walisema kuwa haki imerudi mahali pake. Neno hilo lastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Chuo cha North Carolina kilianza kufundisha mwaka 1795, lakini vijana weusi wa shahada ya kwanza hawakupokewa humo mpaka mwaka 1955, nao walipokewa kwa amri ya mahakama. Kwa miaka 160 rangi ilikuwa ufunguo kwa mmoja na kufuli kwa mwingine. Vyuo vya Marekani vilipoanza kuitazama rangi kwa nia ya kuingiza watu badala ya kuwazuia, malalamiko hayakukawia. Mwaka 1978, katika kesi ya Allan Bakke, Mahakama ilikataza chuo cha udaktari cha Davis, California, kutenga nafasi 16 katika kila 100. Walakini iliruhusu rangi iwe jambo moja miongoni mwa mengi. Mwaka 2003 ruhusa hiyo ilithibitishwa, na Jaji Sandra Day O'Connor akatumaini kwamba baada ya miaka 25 haitahitajiwa tena. Hata miaka hiyo haikungojwa.

Wapinzani wanayo hoja isiyofaa kudharauliwa. Wako vijana wa Kimarekani wenye asili ya Asia waliosoma usiku na mchana, wakapata alama za juu, wakaona wenye alama pungufu wakitangulizwa. Uchungu wao ni wa kweli, wala dhambi ya kale haikuwa yao. Lakini walishindanishwa na mtoto wa mtu mweusi, hali mshindani mwenye nguvu zaidi ameketi pembeni, haulizwi neno.

Mshindani huyo ni mtoto wa aliyesoma chuoni hapo zamani. Ushahidi wa kesi yenyewe ulionyesha kuwa, kati ya waombaji wa Harvard ambao wazazi wao walisoma hapo, karibu thuluthi moja walipokewa. Kati ya wengine, chini ya 6 katika kila 100. Upendeleo huu haukuguswa na hukumu. Mtoto hakutoka jasho ili babaye asome Harvard; amerithi kiti kama mtu arithivyo shamba. Mawakili watajibu kwamba sheria hukataza ubaguzi wa rangi, haikatazi upendeleo wa ukoo. Jibu hilo ni la sheria. Si la haki.

Wala isidhaniwe kwamba kuufunga mlango wa urithi peke yake kutatosha. Chuo cha MIT hakitazami ukoo. Hata hivyo wanafunzi weusi, waliokuwa kadiri ya 13 katika kila 100 katika miaka iliyotangulia, walishuka hadi 5 katika kundi lililoingia mwaka 2024, la kwanza kuchaguliwa baada ya hukumu. Shule za umma za Marekani hutegemea kwa sehemu kubwa kodi ya majumba na ardhi ya mtaa wake. Penye nyumba za thamani pana walimu na vitabu, na penye vibanda pana upungufu. Mtihani hupima akili, lakini hupima pia mtaa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Wapiga kura wa California waliikataza rangi katika vyuo vya umma mwaka 1996. Mwaka 2024 jimbo hilo hilo lilipitisha sheria ya kukataza upendeleo wa urithi katika vyuo visivyo vya serikali. Wanaoisifu hukumu ya 2023 kwa jina la usawa wana wajibu wa kudai sheria kama hiyo katika majimbo yote, na shule njema katika mitaa ya maskini. Wakinyamaza, itajulikana kwamba hawakuuchukia upendeleo, walimchukia aliyependelewa.