Kilomita 820 zinazogeuka 8,000

ANAYETAZAMA ramani ataona kuwa Iqaluit, makao makuu ya eneo la Nunavut kaskazini mwa Canada, na Nuuk, mji mkuu wa Greenland, ni majirani. Umbali kati yao kwa ndege ni takriban kilomita 820, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Ndege ya pangaboi iendayo kilomita 500 kwa saa humaliza mwendo huo chini ya saa mbili.

Saa za Nuuk ziko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo anayeondoka Nuuk saa tisa alasiri hutua Iqaluit kabla ya saa nane mchana, kwa saa za huko.

Hata hivyo, pasipo ndege ya moja kwa moja hesabu hubadilika. Hakuna barabara ya kutoka Iqaluit kwenda sehemu nyingine za Canada. Msafiri hushuka kusini kilomita 2,100 hadi Ottawa, huunganisha Toronto, huvuka bahari hadi Keflavik nchini Iceland, ndipo hurudi magharibi hadi Nuuk. Jumla ni zaidi ya kilomita 8,000, karibu mara kumi ya umbali halisi, bila kuhesabu kulala njiani na nauli ya kila kipande.

Tatizo si viwanja. Kiwanja cha Iqaluit kilijengwa na Wamarekani mwaka 1942 wakati wa vita, na hupokea ndege za jeti. Nuuk nayo ilifungua njia mpya ya kurukia ya mita 2,200 mwezi Novemba 2024.

Tatizo ni kwamba ndege hufuata fedha. Bajeti, bidhaa na wagonjwa wa rufaa wa Nunavut huelekea kusini mwa Canada. Greenland, iliyo chini ya ufalme wa Denmark, kwa miaka mingi imefungamana na Copenhagen. Wainuit wa pande zote mbili ni ndugu kwa asili na lugha, lakini undugu peke yake haujazi viti.

Ushahidi upo. Air Greenland ilianzisha safari za Nuuk na Iqaluit mwaka 2012, kisha zikasimama baada ya misimu michache. Mwaka 2024 ilizifufua kwa kushirikiana na Canadian North, mara moja kwa wiki katika majira ya joto. Soko lenyewe ni dogo: Iqaluit ilikuwa na watu 7,429 katika sensa ya 2021, na Nuuk ina watu wapatao 20,000. Abiria wachache hupandisha nauli, na nauli kubwa hupunguza abiria.

Njia ya kuvunja mduara huo ni mizigo. Samaki na kamba ndio uti wa mgongo wa mauzo ya nje ya Greenland, na meli za Nunavut huvua katika bahari hiyo hiyo. Tangu mwaka 2011 Canada imekuwa na mpango wa ruzuku ya chakula kwa vijiji vya kaskazini visivyofikika kwa urahisi. Sehemu ndogo ya fedha za aina hiyo, ikielekezwa kudhamini nafasi ya mizigo kwa miaka kadhaa, ingeipa ndege uhakika wa mapato hata viti vikiwa vitupu.

Bila hivyo, majirani hawa wataendelea kutembeleana kwa kuzunguka Atlantiki.