Baada ya Kuongezewa Damu, Chunga Pumzi

Huenda una jamaa aliyelazwa Thika Level 5 au hospitali ya Ruiru, naye ameongezewa damu. Wengi wetu, mfuko ukiisha, huaga na kukimbilia matatu. Subiri kidogo.

Mishipa myembamba ya mapafu ina utando laini kwa ndani, unaozuia maji ya damu yasivuje. Maambukizi au upasuaji huweza kuufanya utando huo unate, chembe nyeupe za damu zikaganda hapo. Damu ya msaada nayo huweza kuja na kingamwili, hasa ikitoka kwa mama aliyebeba mimba kadhaa. Kingamwili hizo huzichokoza chembe zile, nazo huujeruhi utando. Maji hupenya mapafuni, mgonjwa akatweta.

Ni nadra, na kwa kawaida hutokea katika saa 6 za kwanza, lakini huua. Ukiona anahema kwa shida, mwite muuguzi mara moja: damu isimamishwe, apewe oksijeni. Wengi hupona. Saa za kuwaona wagonjwa zikiisha, mwachie neno: pumzi ikikubana, usinyamaze.

Wala usiikatae damu kwa hofu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana muda wa kungoja.